Sista Aliyetuita Watalii

Sista hakuwapenda watu wa kujitolea, na alituambia hivyo usoni siku ya kwanza, kabla hatujamaliza hata kujitambulisha. Tulikuwa wanafunzi wa vyuo mbalimbali, tumesimama kwenye nyasi za bustani moja ya Silicon Oasis, Dubai, sare mpya zinanuka plastiki, kila mmoja wetu ameshapiga picha ya cheti chake cha uokoaji na kuwatumia jamaa. Akatutazama mmoja mmoja kutoka kichwani hadi viatuni, akasema kwa Kiingereza, ili kila mtu afahamu, kwamba sisi ni watalii: tumekuja kuangalia, tutapiga picha, halafu tutarudi makwetu. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha Mombasa. "Na wewe usidhani kwa vile twasikizana utapata nafuu. Huo mkasi wa nini?"

Nilikuwa nimeuning'iniza kiunoni, ule mkasi wa kukatia nguo za majeruhi. Niliununua mwenyewe.

"Wa kukatia nguo, Sista."

"Kwani wewe fundi cherehani?"

"Baba yangu ndiye fundi. Ana duka Satwa."

"Basi kampe yeye."

Akaushika mkasi akautia mfukoni mwake, na tangu siku hiyo sikuuona tena.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na mkataba wa kutoa huduma ya kwanza kwenye mikusanyiko: mashindano ya mbio, mechi, maonyesho ya biashara, sherehe za shule. Kila zamu ilikuwa na gari moja la wagonjwa, dereva, mkuu wa zamu anayelipwa, na sisi tusiolipwa. Mkuu wa zamu yetu alikuwa yeye. Alifanya kazi ya uuguzi Mombasa miaka mingi kabla ya kuja Dubai, na watu wa mataifa yote walimwita Sister. Sisi wachache wa Afrika Mashariki tukasema Sista. Alikuwa mnene kidogo, mtandio mweusi ameufunga nyuma ya shingo usimwangukie anapoinama, na alikuwa na namna ya kukupita kana kwamba wewe ni kiti kilichowekwa mahali pasipofaa. Ukimwamkia shikamoo, alikujibu, "Glavu kwanza."

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uhandisi ambao sikuupenda sana, na kozi ya uokoaji ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza nilichokichagua mwenyewe. Mama alikasirika. "Chuo chenyewe kinakushinda, unakwenda kubeba wagonjwa wa watu!" Nikafanya ukaidi nikafaulu. Nilijua kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika usicheze. Nilitaka kumgusa mgonjwa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilitaka mtu aliye hatarini awe mikononi mwangu na mikono yangu ijue la kufanya.

Sista akanipa kitambaa na dawa ya kusugulia machela.

Nilisugua machela kabla ya zamu na baada ya zamu, hata siku ambazo hakuna mtu aliyeilalia. Siku moja nikachoka, nikamwambia, "Sista, hii ni safi."

"Umeilalia?"

"Hapana."

"Ilalie."

Nikadhani anatania. Nikalala. Akanifunga mikanda yote, akaisukuma machela ndani ya gari, akaenda kunywa chai. Dereva wetu, Mganda mpole aliyemwita Sista "Mama", alinichungulia akatikisa kichwa. "Mama amekasirika leo. Wewe nyamaza tu." Chai yake ilipokwisha Sista alirudi.

"Waona nini?"

"Dari."

"Li vipi?"

Nikaangalia vizuri. Palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama kiganja, juu kabisa ya mahali anapolaza kichwa mgonjwa. Sijui lilikuwa la nini. Lilifanana na damu.

"Lina doa, Sista."

"Lipanguse."

Hapo ningeweza kusema kwamba nilielewa somo nikamheshimu. Ukweli ni kwamba nilimchukia hadi jioni. Mtu anaweza kukwambia, "Mgonjwa anatazama dari, safisha dari." Ni maneno machache tu. Yeye alipenda kukufunga mikanda kwanza.

Kilichoniudhi zaidi ni lugha. Nimekulia dukani kwa baba, miongoni mwa wateja wa kila aina, kwa hiyo nazungumza Kiarabu, Kiingereza, na Kihindi cha kuombea punguzo. Sista alipogundua hilo, basi. Kila alipotokea mgonjwa, wenzangu waliruhusiwa angalau kushika mfuko wa oksijeni, mimi nilisikia, "Yuko wapi wa chuo? Aje aseme na ndugu." Nikawa mtu wa kusimama na wake za watu, mama za watu, marafiki wanaolia, huku nyuma yangu kazi niliyoisomea inafanywa na wengine. Nililalamika. Akaniambia kuna watu wengi wanaoweza kufunga bandeji.

Alikuwa na sheria moja kuhusu maneno hayo, na aliirudia mpaka tukawa tunamwigiza akiwa hayupo: "Mwambie upo. Usimwambie atapona." Alimfukuza mwenzetu mmoja kwenye zamu kwa kumwambia mzee wa Kipalestina kwamba mkewe atakuwa sawa, inshallah. "Wewe wajua? Una habari gani wewe?" Kijana wa watu akarudi nyumbani kwa teksi, macho mekundu.

Haikupita muda, kwenye sherehe ya shule moja, mtoto akaanguka kutoka kwenye ngazi za kuchezea akavunjika mguu. Ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Sista akapiga magoti, akamwambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba kufikia Jumatatu atakuwa anacheza mpira, tena atafunga goli, tena yeye Sista atakuja kutazama. Mtoto akacheka huku machozi yanamtoka, naye akaufunga ule mguu. Baadaye nikamuuliza kuhusu ile sheria yake. Akanitazama kama nimemtukana. "Yule ni mtoto," akasema. Nikamuuliza, je, mke wa yule mzee? Akasema machela haijasuguliwa.

Na hakukubali kosa. Kwenye mbio za hisani asubuhi moja ya Februari mwanamume alikaa chini karibu na hema letu, anatoka jasho jingi, maneno yake yamevurugika. Nikasema, "Sista, sukari yake imeshuka." Sikusema kwa kujionyesha. Nilimwona anavyotetemeka, na mkononi alikuwa na kile kikuku cha wenye kisukari. Sista akasema, "Funga mdomo, lete barafu." Nikaleta barafu. Halafu akampima, sukari ilikuwa chini sana, akampa maji ya matunda kidogo kidogo, na mtu yule akarudi duniani mbele ya macho yetu. Nikasubiri. Nilikuwa nataka neno moja tu. Alipofunga sanduku lake nikamwambia, "Nilisema sukari."

"Ningempima tu," akajibu. "Kila mtu hupimwa. Wewe ulibahatisha."

"Sikubahatisha, aliva—"

"Barafu yamwagika."

Sasa, mwanamke huyu aliyejua hali ya kila mtu hakutaka mtu ajue hali yake. Alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kikawa kizito, huku akiwaonya wagonjwa kuhusu sukari. Hakukimbia kamwe. Tuliitwa mara ngapi, watu wanapiga kelele, sisi tunaruka kama panzi, yeye anatembea. Akifika hahemi, nasi tumefika mapema tunahema na hatujui pa kuanzia. Kila adhuhuri alituma ujumbe wa sauti nyumbani kwa mwanawe, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, akimuuliza kama amekula na kama ameswali. Mwanawe huyo alitaka kusomea udaktari. Sista alimkatalia. "Asome kompyuta. Akae ndani, kwenye baridi, na mtu asimfie." Akasema hivyo mbele yetu, sisi ambao wiki nzima alikuwa akitukaripia kwa kutoipenda kazi kiasi cha kutosha.

Mara moja tu nilifika alikokuwa akiishi. Aliugua homa kazini, akaendelea kusimama mpaka dereva akamnyang'anya funguo za sanduku la dawa, tukampeleka Al Muraqqabat. Ghorofa kubwa juu ya duka la simu, vyumba vimegawanywa kwa mbao na mapazia, wanawake wengi kuliko milango. Sehemu yake ilikuwa kitanda, rafu, na pazia la maua alilolishona mwenyewe. Kila kitu kimetundikwa kwenye ndoano. Nikatoa kipimo cha presha.

"Weka," akasema.

"Sista, dakika moja tu."

"Nishasema weka."

"Kila mtu hupimwa," nikamwambia.

Dereva akacheka akaziba mdomo. Sista akageukia ukutani akajifunika shuka, na kutoka ndani ya shuka akatuambia yalla, turudi, gari la kampuni halikuja hapo kutembea. Kwenye ngazi dereva akaniambia mwanamke wa kitanda cha pili alimnong'oneza kwamba Sista huamka alfajiri kumsugua mgongo msichana wa Kiganda, mfanyakazi wa hoteli, ambaye mgongo wake umekwisha kwa kutandika vitanda. Nikasema afadhali, kumbe kuna anayesuguliwa bila kutukanwa. Dereva akasema hapana, anamtukana vilevile.

Nilikaa kwenye zamu yake muda mrefu kuliko wenzangu wote wa siku ile bustanini. Wengine walihamia zamu nyingine, wengine waliacha. Mama aliniuliza kwa nini nisihame. Nadhani nilitaka anione. Si anisifu, nilishakata tamaa ya sifa. Nilitaka siku moja jambo kubwa litokee, anitazame, aseme "njoo", na tuende.

Jambo kubwa likatokea kwenye maonyesho ya biashara, mchana wa joto, uwanja umezungushiwa uzio wa vyuma. Mkataba ulisema hema la huduma ya kwanza haliachwi hata kidogo, na Sista mwenyewe ndiye aliyetuhubiria kila zamu: kazi yetu inaishia kwenye uzio. Nje kuna magari ya wagonjwa ya jiji, yana watu wake. Ndani kulikuwa na jenereta linaunguruma nyuma yetu na spika zinazopiga muziki wa matangazo mbele yetu, na ili tusikilizane ilibidi tupige kelele.

Wanaume wawili wakaja mbio upande wa nje wa uzio, wakashika vyuma. Walikuwa watunza bustani, nguo za kazi zimeloa jasho. Mmoja alizungumza Kihindi, nikamsikia kabla ya mtu mwingine yeyote: mwenzao ameanguka kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara, hapumui. Nikamwambia Sista. Akaangalia kituo kile. Watu walikuwa wamesimama duara.

Akachukua redio, akamwita meneja. Nilisikia upande wake tu. "Sir, ni barabara tu... Sir, nishaona... Ndiyo, mashine ni moja, najua ni moja... Na hiyo gari ya jiji iko wapi?" Akasikiliza. Kisha akaweka redio mezani, polepole, akavua kitambulisho cha kampuni shingoni akakiweka juu yake. Akabeba mashine ya kushtua moyo. Nilikuwa mlangoni mwa hema, glavu nimeshavaa, mfuko wa oksijeni begani. Nikasema, "Sista, niko tayari."

Akanijia usoni. "Kaa!" akapiga kelele, akanisukuma kwa bega akapita.

Akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, na sikujua mtu wa umbo lile anaweza kukimbia vile, mashine inampiga pajani, mtandio umefunguka. Walinzi wakamfungulia geti bila kumuuliza. Mimi nikabaki.

Nikatazama yote kupitia vyuma. Nilimwona akipiga magoti, nikaona mabega yake yakipanda na kushuka, nikahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Hakuwa na mtu wa kumsaidia pumzi. Mfuko wa oksijeni ulikuwa begani kwangu. Wakati huo mgeni mmoja wa maonyesho, anatoka damu puani, ananiuliza kwa hasira kama kuna mtu anayefanya kazi hapa. Nikambana pua. Huyo ndiye mgonjwa niliyepewa siku hiyo: pua.

Gari la jiji likaja likamchukua yule mtunza bustani. Sista akarudi kwa mwendo wake wa kawaida, viganja vimechubuka kwa lami, na meneja alikuwa anamsubiri mlangoni. Hawakugombana. Meneja alisema maneno machache, Sista akasema, "Sawa, sir. Khalas." Akachukua mkoba wake. Nikamfuata mpaka kwenye maegesho nikamwambia tutaandika, wote tutaweka saini, hawawezi kumfukuza kwa hili.

"Usinifanyie kampeni," akasema. Hakunitazama. "Rudi kwenye hema lako."

Lako. Nililiwaza sana neno lile.

Viza yake ilikuwa ya kampuni. Simu yake ikawa haipatikani, na ghorofani Al Muraqqabat nilimkuta mwanamke mwingine nyuma ya pazia la maua. Dereva alisikia amerudi Mombasa. Mtu mwingine akasema amepata kafeel mpya wa kumdhamini viza. Meneja akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba watu wa kujitolea hawana kauli kwenye mambo ya wafanyakazi. Nami nikabaki na hasira isiyo na mwenyewe. Nilimkasirikia meneja, lakini zaidi nilimkasirikia yeye. Kwa nini aliniacha? Nilijitafutia jibu, nalo likanifaa miaka mingi: alinilinda. Alijua kitakachompata, hakutaka kinipate na mimi. Nilipokuja kuwafundisha wanafunzi wapya nikawasimulia hivyo, na kila mara mmoja wao aliguswa.

Mwaka huu nilimpeleka mama kupimwa macho kliniki moja ya Al Muraqqabat. Kwenye korido nikasikia sauti, kabla ya kumwona mtu. "Mguu, madam. Inua mguu." Alikuwa anamsukuma bibi wa Kiarabu kwenye kiti cha magurudumu. Amekonda. Amevaa sare ya buluu ya wauguzi wa majumbani.

"Sista. Shikamoo."

Akanikodolea macho. "Wa chuo," akasema. "Marahaba. Bado wafanya kazi ile?"

"Bado. Sasa nalipwa."

"Aa." Akarekebisha shuka kwenye magoti ya bibi.

Sikuwa nimepanga kuuliza, lakini niliona lifti inakuja na sitampata tena. Nikamuuliza kama yule mtunza bustani alipona. "Nitajuaje? Walimchukua." Nikamuuliza basi lile jingine. Siku ile, kwa nini aliniambia nikae.

"Nikwambie ukae? Wapi?"

"Hemani. Ulisema kaa."

"Nilisema kaa kando. Ulisimama mlangoni, mimi na mashine nitapita wapi?" Akaniangalia sasa, vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nilifika kule nikageuka, sina mtu. Nikapuliza mwenyewe, nikabonyeza mwenyewe. Nikasema, haya, kijana ameogopa kufukuzwa. Sikukulaumu."

"Sista, hukusema kando."

"Nilisema."

"Kulikuwa na jenereta—"

"Nilisema, mwanangu."

Nikatafuta usoni mwake dalili yoyote ya shaka. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kukosea sukari, wala barafu, wala kitu chochote. Huenda alisema. Huenda hakusema, na miaka imemjazia neno lililokosekana, kama ilivyonijazia mimi habari ya kulindwa. Hakuna wa kumuuliza. Nilikuwa nimesimama pale na oksijeni begani, na yeye ng'ambo ya barabara anageuka kunitafuta.

Lifti ikafunguka. Akasukuma kiti, gurudumu la mbele likanasa kwenye mwanya kati ya sakafu na lifti, bibi akaguta. Mlango ukaanza kujifunga.

"Wewe! Shika!"

Nikadaka mkono wa kiti.

"Si hapo, wataka kumwangusha? Chini!"

Nikapiga magoti kwenye korido, mama yangu ananitazama, watu wananitazama, nikashika chini.